Ajenda ya Nne

Kikao kilifunguliwa kwa sala saa tisa na robo:
wazee wa kanisa saba, mchungaji,
na mimi karani mwenye kalamu inayovuja.
Watu wa Igombe hutucheka. Ninyi Wapresbiteri,
hata mvua mtaipigia kura.
Ajenda ya kwanza, bati la upande wa ziwani.
Ya pili, deni la fundi. Ya tatu, choo.
Ya nne lilikuwa jina tu: Bi Ng'washi.

Nani asiyejua?
Mtoto wa Lushinge aliopolewa mwaloni
siku ya tatu, kiatu kimoja mguuni,
na kabla matanga hayajaanuliwa
mtu kaenda mbali kuulizia, karudi na maneno:
mjane, jirani wa upande wa machweo,
macho mekundu.

Macho mekundu!
Miaka thelathini anabanika sangara,
moshi unamwingia kama mgeni asiyebisha hodi.
Mlitaka yawe ya rangi gani?

Mzee Masanyiwa akasema, tuombe.
Tukaomba.
Mzee Kasanda akasema, tumwandikie mtendaji wa kata.
Nikaandika.
Ndipo Mbuke, anayekaa karibu na mlango
ili achunge sufuria yake ya vitumbua kule nje,
akauliza: "Na usiku wa leo analala na nani?"

Tulisikia ziwa likilamba mawe.

Muhtasari wangu, ukurasa wa kumi na mbili, unasema:
*Imekubaliwa kulala kwa zamu.*
Maneno manne. Hayasemi chandarua chenye matundu,
wala Masanyiwa alivyokoroma barazani
hadi mbwa wakahama.
Hayasemi usiku wa tano,
tochi moja, miguu ya watu watatu, harufu ya gongo,
na panga likiburuzwa juu ya jiwe
makusudi, lisikike.

Mbuke alifungua mlango akiwa na birika.
"Karibuni chai. Sukari ndiyo kidogo."
Akawataja kwa majina, kisha kwa majina ya mama zao.
Wa mwisho alimfundisha yeye mwenyewe
Amri Kumi, darasa la Jumapili,
na ile ya sita ilikuwa ikimshinda kutamka.
Hawakunywa. Lakini panga, alinisimulia,
lilirudi limebebwa, halikuburuzwa tena.

Sisemi hiyo ndiyo amani.
Kesho yake jiwe lilitua juu ya paa la Ng'washi
mchana kweupe, na hakuna aliyeona.

Halafu ile Alhamisi.
Kosa ni langu; nikisingizia kalamu nitakuwa mwongo.
Sikuandika jina la mtu, na mtu hakwenda.
Nilizinduka alfajiri, nikakimbia kanga moja,
nikipita kati ya chanja za dagaa
nikiomba vibaya, bila mpangilio, bila amina.

Mlangoni kwa Ng'washi kulikuwa na mwanamke ameketi,
kitenge begani, umande miguuni.
Nyanzala. Mke wa Lushinge.
Mama wa kiatu kimoja.
"Sikuona taa ya zamu," akaniambia.
"Nikajua mmesahau."
Alinitazama, na macho yake yalikuwa mekundu,
mekundu kupita ya yeyote pale mwaloni,
na sikupata neno la kumwambia.

Lushinge bado hapokei salamu.
Akimwona Ng'washi huzunguka njia ya miambani,
mtu mzima, akipanda na kushuka kama mbuzi.
Jumapili ya Meza ya Bwana alikaa benchi la nyuma;
sahani ya mkate ilipomfikia hakumega.
Aliishika kwa mikono miwili muda mrefu,
mpaka mchungaji akaacha kusoma,
kisha akampa aliyefuata.

Mwezi huu nimeandika: *Ajenda ya nne inaendelea.*
Bati nalo linavuja pale pale.
Leo Jumanne. Nimekunja shuka,
nimetia mafuta ya taa kwenye chupa ya soda.
Zamu ni yangu.